Nafasi ya Miguu: Fizikia ya Kiti cha Mtoto Garini

Mzazi anapokwenda dukani kununua kiti cha mtoto cha kufungwa ndani ya gari, jambo la kwanza alitazamalo aghalabu ni miguu. Mtoto wa miaka miwili au mitatu aliyeketi katika kiti kinachoelekea nyuma huonekana amejikunja. Nyayo zake hugusa egemeo la kiti cha gari na magoti yake huinuka. Mzazi humwonea huruma, akaamua kuwa wakati umefika wa kumgeuza aelekee mbele na kumtafutia kiti chenye nafasi ya kutosha ya miguu. Uamuzi huo hutokana na mapenzi, lakini wahitaji kupimwa kwa sayansi kabla ya kutekelezwa. Katika suala hili macho huiona miguu, ilhali kiungo kilicho katika hatari kubwa zaidi, yaani shingo, hakimshughulishi mtazamaji.

Makala haya yanaeleza maana ya nafasi ya miguu katika kiti cha mtoto kinachoelekea mbele, jinsi ya kuipima, na mahali pake katika orodha ya mambo yanayomlinda mtoto. Mwalimu wa fizikia ataona humo kanuni za mwendo na za nishati. Mwalimu wa baiolojia ataona ukuaji wa mwili. Na mwalimu wa hisabati atapata hesabu chache za kuwapa wanafunzi.

MWENDO NA KUSIMAMA KWA GHAFLA

Isaac Newton alichapisha kanuni zake tatu za mwendo mwaka 1687. Kanuni ya kwanza yasema kwamba kitu kilicho katika mwendo huendelea kwa kasi ile ile na katika mstari ulionyoka mpaka kani itokayo nje ikibadilishe. Tabia hiyo ya vitu huitwa inesha. Abiria wa basi huijua bila ya kufundishwa: dereva akifunga breki kwa ghafla, waliosimama huyumba kuelekea mbele. Kwa hakika hakuna aliyewasukuma. Basi limepunguza mwendo, nao wanaendelea na mwendo waliokuwa nao.

Ichukuliwe kwamba gari liendalo kilomita 50 kwa saa, yaani mita 13.9 kwa sekunde, limegonga ukuta. Sehemu yake ya mbele hubonyea, na kwa sababu hiyo gari husimama katika umbali wa mita 0.6 hivi. Ndani yake yumo mtoto mwenye tungamo la kilo 15. Nishati yake ya mwendo ni nusu ya tungamo mara kipeo cha pili cha kasi:

½ × 15 × 13.9 × 13.9 = karibu jouli 1,450.

Nishati hiyo haina budi kuondolewa kabla mtoto hajatulia. Huondolewa kwa kazi, na kazi ni kani mara umbali. Mtoto aliyefungwa barabara husimama pamoja na gari, katika umbali ule ule wa mita 0.6. Kani ya wastani inayomzuia ni 1,450 ÷ 0.6, yaani karibu nyutoni 2,400. Hiyo ni sawa na uzito wa mzigo wa kilo 245, au takribani magunia mawili na nusu ya mahindi ya kilo 100 kila moja. Basi ni dhahiri kwamba hakuna mama wala baba awezaye kumshika mtoto kwa mikono katika ajali ya namna hiyo, hata akiwa na nguvu kiasi gani.

Mtoto asiyefungwa huendelea mbele kwa kasi ya mita 13.9 kwa sekunde wakati gari linaposimama. Hatimaye hugonga egemeo la kiti cha mbele, na huko husimamishwa katika umbali mdogo sana, pengine mita 0.1. Kani sasa ni 1,450 ÷ 0.1, yaani nyutoni 14,500, mara sita ya ile ya kwanza. Kasi hiyo ni sawa na ile ya kitu kilichoanguka kutoka kimo cha mita 9.8, ambacho ni kama paa la nyumba ya ghorofa tatu.

Hesabu hizi zafundisha jambo moja la msingi: nishati ni ile ile, lakini madhara hutegemea umbali wa kusimama na eneo la mwili linalopokea kani. Kiti chema cha mtoto hufanya kazi mbili. Humfungamanisha mtoto na gari ili asimame taratibu pamoja nalo, na huitawanya kani juu ya sehemu imara za mwili.

MWILI WA MTOTO SI MWILI MDOGO WA MTU MZIMA

Kichwa cha mtoto mchanga huchukua karibu robo ya urefu wake wote. Kwa mtu mzima ni kati ya sehemu moja ya saba na moja ya nane. Kichwa hicho kikubwa hubebwa na shingo ambayo bado ni changa. Pingili za uti wa mgongo wa mtoto mdogo hazijawa mfupa mtupu. Sehemu zake zimeunganishwa kwa gegedu, na kano zinazozishikamanisha zaweza kunyumbuka sana. Mtoto aelekeaye mbele anapofungwa mabega na nyonga, kiwiliwili huzuiwa na mikanda, lakini kichwa hakizuiwi na kitu. Kwa inesha yake huendelea mbele, na shingo peke yake ndiyo inayokivuta. Uti wa mgongo waweza kurefuka kupita kiasi kinachoweza kuvumiliwa na neva kuu ipitayo ndani yake.

Mtoto aelekeaye nyuma huwa katika hali tofauti. Gari likigonga kwa mbele, mgongo, shingo na kichwa chake hudidimia pamoja katika egemeo la kiti chake. Kani ile ile huenea katika eneo kubwa, hivyo kanieneo huwa ndogo, na shingo haivutwi. Ndiyo maana Bertil Aldman wa Sweden alibuni mwaka 1964 kiti cha mtoto kinachoelekea nyuma, baada ya kuona jinsi wanaanga wa vyombo vya Gemini vya Marekani walivyolazwa chali ili kani ya kuruka iwaenee mgongoni. Nchini Sweden imekuwa desturi kuwaacha watoto wakielekea nyuma mpaka karibu na umri wa miaka 4. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 129, iliyoanza kutumika mwaka 2013, yakataza mtoto kugeuzwa mbele kabla hajatimiza miezi 15. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa ushauri mwaka 2018 kwamba mtoto aachwe akielekea nyuma kwa muda mrefu iwezekanavyo, mpaka afikie kikomo cha uzito au cha kimo kilichowekwa na mtengenezaji wa kiti chake.

Na miguu je? Mwili wa binadamu haukui kwa uwiano mmoja. Mtoto mchanga akipimwa kutoka utosini mpaka kwenye makalio, kipimo hicho huwa karibu thuluthi mbili za urefu wake. Kwa mtu mzima ni zaidi kidogo ya nusu. Maana yake ni kwamba katika miaka ya utoto miguu hurefuka upesi kuliko kiwiliwili. Kwa hiyo si ajabu mtoto kuonekana amezidi kiti chake kwa miguu, ilhali mabega na kichwa chake bado vina nafasi tele. Viungo vyake ni vyepesi kukunjika; mtoto huketi akiwa amekunja miguu sakafuni kwa saa nzima bila ya kulalamika. Isitoshe, katika mgongano wa mbele miguu ya mtoto aelekeaye nyuma huvutwa kuelekea upande wa kifua chake, na haikutani na kitu kigumu.

Miguu ya mtoto aelekeaye mbele ndiyo iliyo katika hatari zaidi. Uchunguzi wa watafiti wa Philadelphia, Marekani, uliochapishwa mwaka 2007, uliwahusu watoto waliokuwa katika viti vinavyoelekea mbele wakaumia miguu katika ajali. Walio wengi waliumia chini ya goti, kwenye muundi, na aghalabu kilichowaumiza kilikuwa egemeo la kiti kilichokuwa mbele yao. Basi mzazi amgeuzaye mtoto mapema ili kuiokoa miguu huiondoa mahali penye usalama, na papo hapo huiweka shingo hatarini.

MAANA MBILI ZA NAFASI YA MIGUU

Unafika wakati ambapo mtoto hana budi kuelekea mbele, kwa kuwa amepita kikomo cha kiti chake cha awali. Hapo nafasi ya miguu huwa jambo la kuangaliwa kwa makini, nayo ina maana mbili ambazo hazifai kuchanganywa.

Maana ya kwanza ni nafasi ya kuketi. Mtoto apaswa kuegemeza mgongo wote kwenye kiti na wakati huo huo kukunja magoti kwenye ukingo wa kikalio bila ya taabu. Kikalio kikiwa kirefu kuliko paja, mtoto hujisogeza mbele ili apate kukunja magoti. Mgongo hupinda, na mkanda wa nyonga hupanda kutoka kwenye mfupa imara wa nyonga na kukaa juu ya tumbo. Katika ajali, mkanda ulio juu ya tumbo hukandamiza matumbo, ini na wengu, ambavyo havina mfupa wa kutosha wa kuvilinda. Kikalio kikiwa kifupi mno, paja hukosa tegemeo, na uzito wa mguu unaoning'inia huminya sehemu ndogo ya paja. Mtoto hufa ganzi, akaanza kujipindapinda na kujitoa mikandani.

Maana ya pili ni nafasi ya kurukia, yaani umbali ulio wazi mbele ya mtoto ambamo kichwa, magoti na nyayo zitapita wakati gari linaposimama kwa ghafla. Hata mikanda iliyokazwa vizuri hurefuka kidogo, na kiti chenyewe huinama mbele. Wataalamu huupima mwendo huo kwa sanamu zenye umbo na uzito wa mtoto. Kanuni ya Marekani namba 213 huagiza kiti kijaribiwe kwa mgongano wa kilomita 48 kwa saa. Kichwa cha sanamu hakiruhusiwi kupita milimita 813 kutoka alama maalumu iliyo nyuma ya kiti cha majaribio. Pale mkanda wa juu unapotumika, kikomo hupunguzwa kuwa milimita 720. Magoti yasipite milimita 915. Kuwapo kwa kikomo cha magoti katika kanuni hiyo kwaonyesha kwamba nafasi ya miguu ni suala la usalama, wala si la starehe peke yake.

JINSI YA KUPIMA

Vipimo vinavyohitajika ni vichache, na futi ya fundi cherehani yatosha. Mtoto aketi juu ya benchi gumu, mgongo umegusa ukuta, magoti yamekunjwa kwa pembe ya nyuzi 90. Kisha vipimwe:

(a) kutoka ukutani mpaka upande wa nyuma wa goti;
(b) kutoka ukutani mpaka mbele ya goti;
(c) kutoka gotini mpaka chini ya unyayo;
(d) kutoka kwenye benchi mpaka juu ya bega.

Baada ya hapo vipimwe viti. Katika kiti cha mtoto, kipimo cha kwanza ni urefu wa kikalio kutoka kwenye egemeo mpaka ukingoni. Huo uwe mfupi kidogo kuliko (a). Kipimo cha pili ni kimo cha matundu ya mikanda ya mabega. Kwa kiti kinachoelekea mbele, mikanda itoke usawa wa mabega au juu yake kidogo, wala isitoke chini yake. Kwa hiyo tundu la juu kabisa lilinganishwe na (d), na pabaki nafasi ya kukua. Kipimo cha tatu ni unene wa egemeo la kiti cha mtoto, ambao wengi huusahau. Egemeo nene humsogeza mtoto mbele na kumpunguzia nafasi hata kama kiti chenyewe kinaonekana kikubwa na cha fahari.

Mwisho lipimwe gari: umbali kutoka egemeo la kiti cha nyuma mpaka mgongo wa kiti cha mbele, katika usawa wa magoti ya mtoto. Ichukuliwe kwamba umbali huo ni sentimita 75, unene wa egemeo la kiti cha mtoto ni sentimita 12, na kipimo (b) ni sentimita 36. Nafasi iliyobaki mbele ya magoti ni:

75 − 12 − 36 = sentimita 27.

Nafasi hiyo yaonekana ya kutosha, lakini hesabu haijaisha. Katika mgongano miguu haibaki imekunjwa. Kwa inesha hunyooka kuelekea mbele. Ikiwa kipimo (c) ni sentimita 27, nyayo zitafika takribani 12 + 36 + 27, yaani sentimita 75, ambapo ndipo ulipo mgongo wa kiti cha mbele. Kwa maneno mengine, katika gari hilo miguu iliyonyooka hugusa kiti cha mbele hata kabla mikanda haijarefuka. Katika magari madogo kama Toyota Vitz na Toyota Passo, yaliyo mengi katika miji ya Afrika ya Mashariki, hesabu hiyo haina budi kufanywa kabla ya kununua.

Njia za kuongeza nafasi ni tatu. Ya kwanza ni kuchagua kiti chenye egemeo jembamba. Ya pili ni kumweka mtoto nyuma ya abiria badala ya nyuma ya dereva, kwa kuwa kiti cha abiria huweza kusogezwa mbele. Cha dereva kisisogezwe kupita kiasi, maana kifua chake chapasa kuwa angalau sentimita 25 kutoka kwenye usukani wenye mfuko wa hewa. Ya tatu ni kumweka mtoto katikati ya kiti cha nyuma, ambako hakuna kiti cha mbele kilicho mkabala naye. Njia hii hufaa tu ikiwa mahali hapo pana mkanda au vishikizo ambavyo mtengenezaji wa gari na wa kiti wameviruhusu, na kama kiti chakaa imara pasipo kuyumba.

MKANDA WA JUU NA UKAZAJI

Kuongeza nafasi ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kupunguza umbali ambao mtoto atasafiri ndani ya nafasi hiyo. Kiti cha mtoto hufungwa gari kwa sehemu ya chini, ama kwa mkanda wa gari ama kwa vishikizo vya ISOFIX. Vishikizo hivyo ni vyuma viwili vyenye unene wa milimita 6, vilivyoachana kwa sentimita 28, navyo hufichwa kwenye mfereji ulio kati ya kikalio na egemeo la kiti cha nyuma. Kiti kilichofungwa chini pekee hufanana na mlango ulio kwenye bawaba: chini kimetulia, juu huinama.

Ichukuliwe kwamba egemeo la kiti lina kimo cha sentimita 60, na katika mgongano limeinama kwa nyuzi 15. Ncha yake ya juu imesogea mbele kwa 60 × sini ya nyuzi 15, yaani karibu sentimita 15.5. Mwendo huo wote huongezwa kwenye ule wa kichwa cha mtoto. Mkanda wa juu, ambao huunganisha sehemu ya juu ya kiti cha mtoto na kishikizo kilicho nyuma ya kiti cha gari, huzuia kuinama huko. Wengi huuacha ukining'inia kwa kudhani kuwa ni wa ziada, ilhali ndio unaookoa sentimita nyingi kuliko hila nyingine yoyote aliyo nayo mzazi.

Magari mengi ya kutumiwa yaingiayo Tanzania, Kenya na Uganda hutoka Japani, nchi ambako sheria ya kuwaweka watoto wasiotimiza miaka 6 katika viti maalumu ilianza mwezi wa Aprili 2000. Kwa sababu hiyo baadhi ya magari hayo yana vishikizo ambavyo mnunuzi hajapata kuviona. Yafaa kupapasa mferejini na kutazama nyuma ya egemeo, kwenye ubao wa nyuma au ndani ya buti. Angalizo ni kwamba ndoano ya kufungia mizigo si kishikizo cha kiti. Haikutengenezwa kwa kani ya maelfu ya nyutoni. Kitabu cha maelezo ya gari ndicho kitoacho hakika.

Ukazaji hupimwa kwa mkono. Kiti kikishikwa mahali mkanda unapopita na kutikiswa, kisisogee zaidi ya sentimita 2.5. Mikanda ya mabega ikazwe mpaka vidole vishindwe kufinya kikunjo katika utepe wake juu ya bega. Mkanda uliolegea humruhusu mtoto kuendelea mbele wakati gari limekwisha kuanza kusimama. Akiukuta mkanda, tofauti ya kasi kati yake na gari imekuwa kubwa, naye husimamishwa kwa mshtuko.

MAKOSA YATOKANAYO NA HURUMA

Yapo makosa manne yanayotendwa kwa nia ya kumpa mtoto nafasi. Kosa la kwanza ni kumhamishia kiti cha mbele ambako nafasi ni kubwa. Mfuko wa hewa hufumuka katika sehemu ndogo sana ya sekunde, kwa nguvu iliyokadiriwa kwa mwili wa mtu mzima. Kiti kinachoelekea nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi, na watoto walio chini ya miaka 13 washauriwa kuketi nyuma. Kosa la pili ni kuweka mto chini ya mtoto au nyuma yake. Katika ajali mto hubonyea na kuacha mikanda imelegea. Kosa la tatu ni kuweka sanduku au ndoo sakafuni iwe mahali pa kuegemeza miguu. Kitu kisichofungwa huwa kombora ndani ya gari. Kosa la nne ni kulegeza mikanda katika safari ndefu kwa kuwa mtoto amechoka. Mtoto aliyechoka hufaidika zaidi na mapumziko: gari lisimamishwe mahali salama, naye ashuke anyooshe miguu.

Miguu hupata heshima ya kuwa kipimo sahihi baadaye. Mtoto aliyepita kiti chenye mikanda yake mwenyewe hutumia kikalio cha kumwinua ili mkanda wa gari umkae vizuri, mpaka afikie kimo cha sentimita 145 hivi. Alama mojawapo ya kuwa yu tayari kuketi bila ya kikalio hicho ni hii: mgongo umegusa egemeo la gari, magoti yamekunjika ukingoni, na nyayo zimetua sakafuni, huku mkanda ukipita juu ya nyonga na katikati ya bega.

JARIBIO LA DARASANI

Vifaa: kigari cha mbao chenye magurudumu manne, ubao wa urefu wa mita 1.5, matofali, udongo wa mfinyanzi, nyuzi, kadibodi ngumu, vijiti vyembamba, vumbi la chaki na rula.

1. Finyanga sanamu ya mtoto, kichwa kiwe kikubwa kuliko desturi. Miguu iwe ya vijiti, na magoti yafungwe kwa uzi ili yakunjike.
2. Tengeneza kiti cha kadibodi na ukibandike kigarini kwa ukingo wake wa chini tu, ili kiweze kuinama mbele. Mbele yake simamisha kadibodi nyingine iliyopakwa vumbi la chaki. Hiyo ndiyo kiti cha mbele.
3. Inua upande mmoja wa ubao kwa sentimita 20. Achia kigari kiteremke mpaka kigonge tofali. Pasipo msuguano, kasi yake chini ingekuwa mita 1.98 kwa sekunde.
4. Rudia mara tatu: sanamu imefungwa kwa uzi uliolegea, imefungwa kwa uzi uliokazwa, imefungwa kwa uzi uliokazwa na kiti kimezuiwa kwa uzi mwingine wa juu.
5. Kila mara tazama alama za chaki kichwani na miguuni, na upime umbali kati ya sanamu na kadibodi ya mbele ambapo alama zinaanza kutoweka.

Wanafunzi waandike matokeo katika jedwali na kueleza kila tofauti kwa kutumia neno inesha.

MASWALI

1. Nishati ya mwendo ya mtoto wa kilo 15 ni kiasi gani gari likienda kilomita 100 kwa saa? Ni mara ngapi ya ile ya kilomita 50?
2. Umbali kati ya egemeo la nyuma na kiti cha mbele ni sentimita 70, unene wa egemeo la kiti cha mtoto ni sentimita 15, kipimo (b) ni sentimita 35 na (c) ni sentimita 26. Tafuta nafasi iliyo mbele ya magoti. Je, miguu iliyonyooka hugusa kiti cha mbele?
3. Mkanda wa juu umepunguza kuinama kwa kiti chenye kimo cha sentimita 60 kutoka nyuzi 15 hadi nyuzi 5. Ncha ya juu imeokolewa sentimita ngapi?
4. Mzazi ana mtoto wa miaka miwili ambaye hajafikia kikomo cha kiti kinachoelekea nyuma, ila miguu yake imejikunja. Mshauri kwa hoja mbili, moja ya fizikia na moja ya baiolojia.

Majibu: (1) karibu jouli 5,800, mara nne. (2) sentimita 20. Ndiyo, kwa kuwa 15 + 35 + 26 ni sentimita 76. (3) karibu sentimita 10. Jibu la swali la nne lijadiliwe darasani, kisha wanafunzi walipeleke nyumbani, kwani huko ndiko viti vinakonunuliwa na mikanda inakokazwa.